Sura ya Sita: Kelele za Kwetu

Usiku wa tarehe 2 Agosti 2021, Hellen Obiri alimaliza wa pili katika fainali ya mita 5,000 ya Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, nyuma ya Sifan Hassan wa Uholanzi. Uwanja ule huchukua watu wapatao 68,000, lakini kwa sababu ya Korona mashabiki hawakuruhusiwa kuingia. Mwanamke aliyezaliwa Kisii alishinda medali ya fedha ya Olimpiki mbele ya viti vitupu.

Nimeipitia orodha ya medali na ushindi wake mkubwa nikitafuta jambo moja tu: ni wapi aliposhangiliwa na watu wa kwao? Istanbul 2012, Moscow 2013, Rio 2016, London 2017, Aarhus na Doha 2019, Tokyo, Eugene 2022, Paris 2024. Mataji mawili ya Boston, mwaka 2023 na 2024. Mawili ya New York, 2023 na 2025. Yote ugenini. Kule Boston, wakimbiaji wanapokaribia nusu ya safari, wanafunzi wa chuo cha wanawake cha Wellesley hujipanga kando ya barabara na kupiga mayowe ambayo mkimbiaji huyasikia kabla hajawaona wanaoyapiga. Wasichana wa Massachusetts wamepata nafasi ya kumshangilia Obiri akiwapita hatua chache tu mbele yao. Wasichana wa Keroka na Nyansiongo wamemtazama kwenye simu. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike sura hii.

Wala si kwamba watu wa Gusii hawajui kushangilia. Aliyewahi kuwa mjini Kisii siku timu ya kandanda ya Shabana inapocheza nyumbani anafahamu kwamba mechi huanza asubuhi, barabarani, saa nyingi kabla ya refa kupuliza filimbi. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1980 ikachukua jina la duka la vifaa vya ujenzi la pale mjini. Ikashuka daraja mwaka 2006, na ikakaa nje ya ligi kuu mpaka 2023. Miaka 17! Watoto walizaliwa na kumaliza shule ya msingi bila kuiona Shabana ikicheza ligi kuu Gusii Stadium, na bado walikua wakiimba Tore Bobe, kaulimbiu ya klabu, kwa sababu baba na wajomba waliimba. Iliporudi, hata mechi zake za Nairobi zilianza kuonekana kama za Kisii: Abagusii wanaofanya kazi na biashara jijini walijaa upande mmoja wa uwanja, na wenyeji wa mechi wakajikuta wageni. Umati wa namna hiyo haununuliwi. Hurithiwa.

Urithi huo umekwenda kwa wavulana. Wanawake wapo jukwaani, wanaimba, wanapiga vigelegele, wanauza njugu na mayai nje ya lango. Anayeshangiliwa ni kijana wa kiume.

Nimechagua kriketi ya wanawake kulieleza suala hili, ingawa najua msomaji wa Nyamira atauliza kriketi imetoka wapi. Ni swali la haki. Nchini Kenya mchezo huu ulikulia katika vilabu vya Nairobi, kama Nairobi Gymkhana, Aga Khan, Simba Union na Ruaraka, na pwani katika Mombasa Sports Club. Wenye asili ya Kihindi waliubeba kwa miaka mingi kabla haujaenea kwa wengine. Kisii nayo ilikuwa na wenye maduka Wahindi, lakini duka la Kisii lilizaa timu ya kandanda. Kwa hiyo kriketi haina mizizi Gusii, na hapo ndipo inaponifaa: hakuna kumbukumbu za baba wala ushabiki wa zamani wa kutuchanganya. Tena katika miaka ya karibuni hakuna mchezo ulioonyesha wazi kama kriketi ya wanawake jinsi umati wa nyumbani unavyoweza kujengwa kutoka karibu na sifuri, na unachofanya ukishakuwepo.

Tuanze na kile umati unachofanya kwa mwamuzi, maana hapo utafiti umefika mbali. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Alan Nevill waliwaonyesha waamuzi 40 wa kandanda matukio ya mechi moja kwenye video. Baadhi walisikia sauti ya umati, wengine walitazama kimyakimya. Waliosikia umati walitoa faulo chache zaidi dhidi ya timu ya nyumbani, pungufu kwa asilimia 15.5. Hawakutishwa na mtu, walikuwa wamekaa chumbani. Kelele tu ziliwapa shaka, na shaka ikamwendea mwenyeji.

Sasa fikiria mchezo ambao sheria yenyewe inamtaka mwamuzi aulizwe kwa sauti. Katika kriketi, mpira ukimgonga mpigaji mguuni, mwamuzi anapaswa kuamua kama ungegonga wiketi, vile vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji, iwapo mguu usingekuwepo. Lakini haruhusiwi kumtoa mpigaji mpaka upande unaorusha uulize. Mrushaji anageuka, anainua mikono, anapaza sauti, na wenzake kumi wanapaza naye. Uwanja ukiwa wa nyumbani, swali hilo linaulizwa na maelfu. Kwa miaka mingi mechi za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, zilichezeshwa na waamuzi wa nchi mwenyeji, na wachumi waliokuja kuchambua matokeo ya zama hizo waligundua kwamba wageni walikuwa wakitolewa kwa njia hii ya mguu mara nyingi kuliko ilivyostahili. Waamuzi wa nchi ya tatu walipoletwa, mmoja kuanzia 1994 na wote wawili kuanzia 2002, upendeleo huo ulififia. Nakumbusha hapa kwamba mechi nyingi za wanawake, hasa katika nchi zetu, bado hazina kamera za kumsahihisha mwamuzi. Sikio lake ndilo linalobaki likishambuliwa.

Kelele hufanya kazi nyingine ambayo mtazamaji wa televisheni haioni. Wapigaji wawili hukusanya pointi, yaani mikimbio, kwa kukimbia wakiitana: njoo, ngoja, rudi. Uwanja ukivuma hawasikiani, na asiyemsikia mwenzake hubaki katikati ya njia wiketi ikivunjwa. Wageni huumia zaidi, kwa kuwa sauti huzidi pale hasa wanapohitaji kusikilizana, na mwenyeji akibanwa watu wake hunyamaza kwa hofu.

Tarehe 23 Julai 2017, London, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Uwanja wa Lord's ulijaa, watu zaidi ya 24,000. Uingereza ilikuwa imepata mikimbio 228. India ilifika 191 ikiwa imepoteza wapigaji watatu tu. Ilihitaji 38 zaidi. Punam Raut, aliyekuwa na 86, akatolewa kwa njia ileile ya mguu, mpira ukirushwa na Anya Shrubsole wa Uingereza. Kuanzia hapo uwanja haukukaa tena. Wapigaji saba wa India walianguka kwa mikimbio 28, na Shrubsole akamaliza akiwa amewatoa wapigaji sita. Karibu na mwisho mwenzake Jenny Gunn aliangusha mpira rahisi wa kudaka, kosa ambalo ugenini lingeweza kuivunja timu moyo. Mpira uliofuata Shrubsole akaipiga wiketi na mechi ikaisha. Siwezi kuapa kwamba ni umati ulioiangusha India. Vijana huteleza popote. Lakini India hiyohiyo, mbele ya watu wake, miaka minane baadaye ilicheza kwa moyo mwingine kabisa.

Mwaka 2025 India ilikuwa mwenyeji wa kombe hilo. Waandaaji walifanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mbinu yoyote ya kocha: tiketi za bei ya chini ziliuzwa rupia 100. Mama, binti na shangazi waliweza kuingia pamoja. Nusu fainali ilichezwa Navi Mumbai tarehe 30 Oktoba dhidi ya Australia, ambao walikuwa mabingwa watetezi, na India ilitakiwa kufikia mikimbio 339, lengo ambalo hakuna timu ya wanawake iliyokuwa imewahi kulifikia katika mechi za siku moja. Jemimah Rodrigues, binti wa Mumbai, alikuwa ameachwa nje ya kikosi katika mechi moja ya mashindano hayohayo, na baadaye alisema hadharani kwamba wasiwasi ulikuwa umemkaba hata akawa analia mara kwa mara. Alipiga 127 bila kutolewa. Siku tatu baadaye, katika uwanja uleule, mbele ya watu 39,555, India iliishinda Afrika Kusini kwa mikimbio 52 na kutwaa kombe lake la kwanza.

Nilipohesabu Makombe ya Dunia ya wanawake ya siku moja tangu lile la kwanza la 1973 nilipata 13, na mwenyeji ameshinda sita: Uingereza 1973, 1993 na 2017, Australia 1988, New Zealand 2000, India 2025. Karibu nusu. Bila shaka nchi zenye nguvu ndizo zinazoandaa mara nyingi, kwa hiyo hesabu hii ichukuliwe kwa uangalifu. Hata hivyo New Zealand imelitwaa kombe hilo mara moja tu katika historia yake, na ni pale lilipochezewa kwao.

Umati si dawa ya kila kitu. Februari 2023 Afrika Kusini ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20, aina fupi ya kriketi, mjini Cape Town, Tazmin Brits akadaka mipira minne na kuiadhibu Uingereza kwa gongo lake vilevile, na wenyeji wakashinda kwa mikimbio sita. Kabla ya hapo hakuna timu ya wakubwa ya kriketi ya nchi hiyo, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika fainali ya Kombe la Dunia. Siku mbili baadaye tiketi zote zilikuwa zimekwisha, uwanja wa Newlands uliimba tangu mwanzo hadi mwisho, na Australia ikashinda kwa 19. Timu iliyozoea kelele haitishiki nazo. Watafiti wa kandanda Richard Pollard na Miguel Gómez walilinganisha ligi za Ulaya na kukuta kwamba wanaume wakicheza nyumbani huvuna takribani asilimia 60 ya pointi zao, wanawake 54. Wengi huisoma tofauti hiyo kama tabia ya wanawake. Mimi naisoma kama hesabu ya viti. Mechi nyingi za wanawake zimechezwa mbele ya watu wachache mno kiasi kwamba nyumbani na ugenini havikuwa na tofauti kubwa.

Karibu na kwetu kuna mfano unaonigusa zaidi ya Mumbai. Tangu 2014 Rwanda imeandaa mashindano ya kriketi ya wanawake ya Kwibuka, kwa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Uwanja wa Gahanga, nje kidogo ya Kigali, ulifunguliwa 2017. Kenya imewahi kulichukua kombe hilo hapohapo Kigali, mwaka 2021, na Tanzania ikalichukua 2022. Wenyeji walikuwa wakishangilia na kushindwa, mwaka baada ya mwaka. Hawakuondoka. Januari 2023 wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia la umri wao Afrika Kusini, wakaishinda Zimbabwe, kisha wakaishinda West Indies. Juni mwaka huohuo timu ya wanawake ikatwaa Kwibuka nyumbani. Rwanda ni nchi ya milima na mashamba madogo yaliyobanana, watu wengi juu ya ardhi kidogo. Mgusii anayeitazama haoni ugeni wowote.

Nikiwa nimefika hapa, naona kwamba swali la nani anashinda ndilo dogo. Kazi kubwa ya umati wa nyumbani kwa msichana hufanyika kabla ya mechi na baada yake. Kijana wa kiume akiamka alfajiri kwenda mazoezini, mtaa unamwelewa. Msichana hutakiwa kujieleza: nani atachota maji, nani atachuma chai, kaptura hiyo ni ya nini, mazoezi hayo yanaisha saa ngapi na unarudi na nani. Mabishano hayo hayaishi kwa hotuba za siku ya wanawake. Huisha siku baba anapokaa kati ya wenzake na kusikia jina la binti yake likiimbwa na watu asiowafahamu. Tangu siku hiyo anayemzuia binti anajikuta anazuia kitu cha kijiji kizima.

Ila umati wa nyumbani unamjua mtu mno. Unajua jina la baba yake, unajua kama ana mtoto, unajua nani alimposa. Mgeni wa Boston humshangilia mkimbiaji kwa mbio zake tu. Jirani anaweza kumshangilia, na anaweza pia kurusha neno kuhusu mapaja yake ambalo litarudi kumngoja sokoni Jumatatu. Wavulana hutukanwa kwa kukosa bao. Wasichana hutukanwa kwa kuwa uwanjani. Najua wachezaji wazuri wa shule walioacha si kwa sababu walishindwa, bali kwa sababu ya mtu mmoja mwenye sauti kubwa pembeni na wengine wote waliocheka. Kwa hiyo anayetaka kuujenga umati wa wasichana aanze na nani anakaa mbele. Kikundi cha akina mama wa chama kimoja, wenye leso za rangi moja, wakipewa mstari wa kwanza, mwenye maneno machafu nyuma yao atameza mate. Gusii ina vyama vya wanawake katika kila kijiji, na kwaya katika kila kanisa. Sauti zipo, zimefunzwa, na zinajua kupokezana.

Uwanja nao utatoka wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kilomita moja ya mraba. Kriketi ya wanawake inataka mpaka wa uwanja uwe angalau mita 55 kutoka katikati. Hakuna familia Kitutu au Mugirango itakayoacha shamba la ukubwa huo lilale. Zimebaki shule. Viwanja vingi vya shule kule vimechongwa ubavuni mwa kilima, na ule ukingo unaobaki juu huwa jukwaa bila kujengwa na mtu: nyasi, mteremko, na kila aliyekaa anaona kila mpira. Kwa mchezo huu ni bora kuliko Gusii Stadium yenyewe, ambako watu mia tano wangepotea. Watu mia tano juu ya ukingo wa shule, wote upande mmoja, mwamuzi atawasikia.

Wengine hupendekeza mechi za wasichana zitangulie mechi za Shabana ili wapate umati bure. Napinga. Watu huingia dakika za mwisho, wakitafuta viti na kuulizana kikosi cha leo, na msichana anajifunza kwamba yeye ni wa kupisha wakati. Afadhali mia tano waliokuja kwa ajili yake.

Kuna jambo la kalenda ambalo mtu wa Nairobi asingelifikiria. Waadventista walifika Nyanchwa mwaka 1912, na Wakatoliki walikuwa wametangulia kidogo pale Nyabururu. Mpaka leo sehemu kubwa ya Gusii hutunza Sabato, na sehemu nyingine kubwa husali Jumapili. Mechi ikiwekwa Jumamosi, siku ambayo mashirikisho ya michezo huipenda, nusu ya akina mama wako kanisani kutwa, na ndio haohao niliowataka mstari wa mbele. Ikiwekwa Jumapili alasiri, inakutana na mvua, kwa maana katika nyanda hizi mawingu ya kutoka upande wa ziwa hukusanyika baada ya chakula cha mchana na mara nyingi huja na mawe yanayochana majani ya chai. Kriketi haichezeki kwenye nyasi zilizoloa. Mechi ya T20 huchukua saa tatu hivi. Kwa hiyo ianze Jumapili saa nne asubuhi, misa ya kwanza ikiwa imekwisha, Waadventista wakiwa na siku yao ya kazi ambayo wanaweza kuichelewesha kidogo, na matokeo yawe yamejulikana saa saba, watu wapate kuteremka nyumbani wakibishana kuhusu mwamuzi kabla mvua haijaanza.